Kusoma kwa Vipande Virefu: Historia Fupi ya Usomaji wa DNA na Funzo Lake kwa Wanalugha

Yeyote aliyewahi kushika utenzi wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, karatasi zake zimeliwa na mchwa, ajua taabu ya kuurudisha katika mpango wake. Kipande chenye ubeti mzima chaweza kutambuliwa mahali pake. Lakini kipande kilichobakiwa na kina cha mwisho peke yake hakitambuliki, maana kina hicho hukariri katika kila ubeti, tangu mwanzo hata tamati. Nia ya makala haya ni kuonyesha kuwa wanachuoni wa elimu ya viumbe walikutana na taabu hiyo hiyo, na kwamba njia waliyoipata ya kuitatua yatuhusu sisi pia tunaochungua lugha na historia yake.

DNA ni uzi ulioandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, na nakala moja ya jenomu ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Mwaka 1977 Frederick Sanger na wenziwe wa Cambridge walitoa njia ya kuzisoma, nayo husoma vipande vya herufi mia kadhaa kwa mara moja. Kwa njia hiyo kazi kubwa ya kuisoma jenomu ya binadamu ilianzwa mwaka 1990, rasimu yake ikachapishwa mwaka 2001, na mwaka 2003 ikatangazwa kuwa imekamilika. Mitambo iliyofuata baada ya mwaka 2005 ilipunguza gharama mno, walakini vipande vyake vilikuwa vifupi zaidi, aghalabu visivyozidi herufi 300.

Kwa hakika kazi ya mwaka 2003 haikuwa kamili. Asilimia 8 hivi ya jenomu ilibaki bila kusomwa. Sehemu kubwa ya masalio hayo ilikuwa mahali pa marudio. Katika kiungo cha katikati cha kila kromosomu mna mfuatano wa herufi 171 hivi unaokariri maelfu ya mara. Kipande kifupi kilichotoka humo ni sawa na kile kina cha mwisho cha utenzi: chasomeka vema, ila hakuna ajuaye kiwekwe wapi.

Dawa ilikuwa ni kupata vipande virefu, na njia zilizofanikiwa ni mbili. Ya kwanza ni kutazama kimeng'enya kimoja kikinakili uzi mmoja, kila herufi ikitoa mmweko wake wa nuru. Uzi ukiunganishwa kuwa duara, kimeng'enya huuzunguka mara nyingi, na kosa la mzunguko mmoja husahihishwa kwa kulinganishwa na mingine, kama mhariri alinganishavyo nuskhu kadhaa za shairi moja. Njia ya pili ilimjia David Deamer mwaka 1989: kuupitisha uzi katika tundu dogo sana na kupima jinsi mkondo wa umeme ubadilikavyo herufi zinapopita. Mwaka 1996 yeye na wenziwe walichapisha ushahidi kwamba nyuzi za RNA zapita katika tundu la protini ya bakteria, na kuanzia mwaka 2014 watafiti walianza kupewa chombo chenyewe, kidogo cha kutosha kushikwa mkononi. Njia ya kwanza hutoa vipande vya herufi elfu kumi na zaidi kwa usahihi mkubwa. Ya pili imetoa vingine vilivyopita herufi milioni moja.

Kwa kuziunganisha njia hizi mbili, kundi lililoongozwa na Karen Miga na Adam Phillippy lilichapisha mwaka 2022 jenomu isiyo na pengo, yenye herufi bilioni 3.055, ambazo karibu milioni 200 kati yake hazikuwamo katika matini ya kwanza. Kromosomu Y haikuwamo katika seli walizotumia. Ilikamilishwa mwaka 2023, ikaonekana kuwa na herufi 62,460,029.

Faida nyingine ni ya namna ya kusoma. Mitambo ya vipande vifupi hunakili uzi kabla ya kuusoma, na katika kunakili hupotea alama za kikemia zilizowekwa juu ya baadhi ya herufi, alama zisaidiazo kuamua jeni ipi itumike na ipi inyamaze. Ni kama mnakili aandikaye konsonanti akaziacha irabu. Chombo cha tundu husoma uzi wenyewe, irabu zake zikiwapo. Kadhalika mwaka 2018 ilichapishwa njia ya kuisoma RNA yenyewe moja kwa moja. Jeni moja yaweza kutoa jumbe kadhaa, kwa kuwa vipande vyake hukatwa na kuunganishwa kwa namna mbalimbali. Anayesoma ujumbe mzima huona muungano wenyewe, kama aonaye kitenzi pamoja na viambishi vyake vyote, badala ya kukisia kwa silabi zilizotawanyika.

Udogo wa chombo nao una manufaa. Mwaka 2015 kilichukuliwa katika mizigo ya abiria hadi Guinea, kikasomea virusi vya Ebola vya wagonjwa 142. Baadaye watafiti wakakipeleka mashambani katika Tanzania, Kenya na Uganda kutambua virusi vinavyoharibu mihogo.

Lakini njia hii ina mpaka wake, na mpaka huo watugusa. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa zamani, waliozikwa katika miji sita ya pwani ya Waswahili kati ya miaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara baada ya mwaka 1650. DNA ya mifupa imekwisha kukatika ardhini; hakuna mtambo uwezao kurefusha kilichokatika, hivyo vilisomwa vipande vifupi. Ilionekana kuwa wengi wa watu wa pwani walipata zaidi ya nusu ya nasaba yao kwa wahenga wa Kiafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa kwa wahenga wa Kiasia, hasa wanaume wa Kiajemi, na kwamba michanganyiko hiyo ilianza kama mwaka 1000.

Habari za Kilwa zilizoandikwa huwataja akina baba waliotoka Shiraz. Basi hazikusema uongo. Zilisoma upande mmoja. Upande wa akina mama haukuandikwa katika silsila, ila sarufi ya Kiswahili, ambayo ni ya Kibantu, ilikuwa ikiueleza siku zote. Sisemi kuwa lugha ni damu, kwani mtu aweza kurithi moja bila ya nyingine. Nasema kwamba mwaka 2003 wanachuoni waliita kamili kile walichoweza kukisoma, nasi katika historia ya pwani tumefanya vivyo hivyo mara nyingi. Mahali pasiposomeka si mahali pasipo na neno. Yatupasa tuyaache mapengo yaonekane katika matini zetu, mpaka apatikane wa kuyasoma.