Fataki za Jambazi na Mkate wa Dereva



Ndugu wapendwa, wengi wetu tuliwafahamu majambazi wa Kiitalia wa Marekani kwa njia ya filamu. Tuliwaona wakiwa na suti safi na meza zilizojaa vyakula, na pengine tuliwaonea fahari. Wiki hii tunapenda kuwatafakari wale ambao hawakuwaona kwenye kioo cha televisheni, bali waliishi nao mtaa mmoja: watoto na wazazi wa Kikatoliki waliopishana nao kila siku wakienda shuleni, sokoni na kanisani.

Kwanza tuikumbuke historia. Kati ya mwaka 1880 na 1920 Waitalia zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao maskini kutoka kusini mwa Italia na kisiwa cha Sisilia. Walibanana katika vyumba vya kupanga vya miji kama New York, wakadharauliwa na wenyeji. Katika unyonge huo walipata nafasi wahalifu wa Mkono Mweusi, waliowapelekea wenye maduka barua za vitisho: toa fedha, la sivyo duka litalipuliwa au mtoto ataibwa. Aliyetisha alikuwa Mwitalia, na aliyetishwa alikuwa Mwitalia mwenzake. Ofisa wa polisi Joseph Petrosino, naye mhamiaji, alipambana nao mpaka alipouawa kwa risasi mjini Palermo tarehe 12 Machi 1909. Mwili wake uliporudishwa New York, umati mkubwa ulijaa barabarani kumsindikiza.

Miaka ilivyopita, vitisho vilijivika sura ya ukarimu. Mwaka 1930, kazi zilipokosekana Marekani, Al Capone alifungua mjini Chicago mahali pa kuwagawia wenye njaa supu na mkate. Wengi walimshukuru kwa dhati, maana tumbo lenye njaa halina masikio. Baadaye, katika mtaa wa Ozone Park huko New York, John Gotti aliwaandalia majirani sherehe ya kila tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani. Palikuwa na chakula cha bure, na usiku palirushwa fataki bila kibali cha serikali. Mtoto wa mtaa ule angejuaje kwamba aliyemshibisha ndiye aliyeamuru watu wauawe? Na mzazi aliyejua, angeanzaje kumweleza?

Swali hilo la mzazi lilimkabili dereva mmoja wa basi katika eneo la Bronx. Mwanawe, Chazz Palminteri, aliyezaliwa mwaka 1952, aliona akiwa bado mtoto mtu akiuawa kwa risasi karibu na mlango wa nyumba yao. Kumbukumbu hiyo aliibeba hadi utu uzima, akaitungia mchezo wa jukwaani uitwao A Bronx Tale, uliofanywa filamu mwaka 1993. Katika filamu hiyo mtoto anaulizwa na polisi, naye anakana kwamba amemwona muuaji. Kisha anakwenda kuungama, akiwa amebeba mzigo mkubwa kuliko umri wake. Jambazi anamlipa kwa kumpenda: anamweka karibu, anampa kazi ndogondogo na fedha. Baba anapozigundua fedha hizo, anakwenda kumrudishia jambazi mbele ya wenzake. Mshahara wake ni mdogo, lakini hataki mwanawe alelewe kwa fedha zile. Anataka mtoto aone kwamba shujaa ni yule anayeamka alfajiri kwenda kazini.

Hapo ndipo penye kiini cha tafakari yetu. Zawadi ya jambazi haikuwa sadaka. Ilikuwa bei ya ukimya. Alichonunua si soseji na fataki, bali ndimi za majirani na macho ya watoto wao.

Gotti alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1992, akafa gerezani tarehe 10 Juni 2002. Jimbo la Brooklyn lilikataa asifanyiwe Misa ya mazishi ya hadhara, ila liliruhusu Misa ya kumwombea baada ya kuzikwa. Wapo walioona huo ni ukatili. Sisi tunaona busara ya mama: Kanisa lilimnyima heshima mbele ya watu, lakini halikumnyima sala. Huruma ya Mungu haina mpaka, lakini haituruhusu kuwafundisha watoto kwamba damu ya ndugu huoshwa kwa fataki.

Nasi je? Siku ya harambee ya kujenga kanisa, ni nani huketi kiti cha mbele? Mara nyingi ni yule ambaye utajiri wake haufahamiki ulikotoka. Tunampigia vigelegele, tunamvisha shada, wala hatumwulizi. Katekista aliyetufundishia watoto kwa miaka 20, akija kwa miguu, tunamwachia benchi la nyuma. Watoto wetu wanaona, na hayo ndiyo mafundisho wanayoyashika. Sisi mapadre tusijitoe katika lawama hii. Mara nyingine paa la kanisa limetufumba macho.

Basi, wapendwa, wiki hii kila familia iketi pamoja na kujiuliza: watoto wetu wanamtamani nani, na ni sisi tuliowaonyesha nani? Pia tuwashukuru wale madereva, mama lishe na vibarua waliotulea kwa mkate mdogo ulio safi. Tuwaombee na waovu waongoke wangali hai, maana Kristo aliwafia hao pia.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.