Mahandaki ya Bigo

Kaskazini-mashariki ya Ruharo, ng'ambo ya nchi ya Nkore, kwenye ukingo wa kusini wa mto Katonga, yako mahandaki ya Bigo bya Mugenyi. Ukiyaunganisha yapita kilomita 10; mahali pengine kina chake chafikia mita 4, nayo yamechongwa hata ndani ya mwamba. Wazee huwataja Wachwezi. Uchimbuzi wa Shinnie mwaka 1957 na wa Posnansky mwaka 1960 ulisaidia kuonyesha kuwa palikaliwa baina ya karne ya 14 na ya 16 hivi.

Jina lenyewe maana yake ni ngome. Je, ilikuwa ngome kweli? Mwanajeshi atauliza: nani aliulinda mstari mrefu hivyo? Tena handaki la nje lina mapengo mengi ya kupitia. Ndiyo maana wataalamu kadhaa huliona kuwa zizi kubwa la ng'ombe baina ya handaki na mto, na mahandaki ya ndani, juu ya kilima, kuwa makao ya mtawala. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa ng'ombe asiyeweza kutoka ni vigumu pia kuswagwa na adui. Aliyeamuru kazi hiyo, kwa vyovyote, aliweza kukusanya mikono mingi na kuilisha.

Sheria ya mwaka 1967 ilikataza kuharibu makumbusho ya namna hii. Lakini kingo hizo ni za udongo: nyayo za mifugo, jembe na gurudumu la lori huzibomoa, na handaki hujaa.