Nyumba na Ngoma za Lodwar

Msomaji, ukifika Lodwar, mji mkuu wa Turkana, yafaa uulize habari za nyumba alimowekwa Jomo Kenyatta. Mwaka 1953 alihukumiwa huko Kapenguria kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, akatiwa gerezani Lokitaung, kaskazini ya mbali. Kifungo kilipokwisha mwaka 1959 hakurudishwa kwao, bali alihamishiwa Lodwar akae chini ya ulinzi, hata mwaka 1961 alipopelekwa Maralal.

Kwa nini alipelekwa Turkana? Kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga wilaya hiyo, na mgeni hakuingia bila kibali. Jua na jangwa vilifanya kazi ya bawabu. Lakini angalia vema: mlango uliomzuia mfungwa huyo ndio uliowatenga Waturkana wote na sehemu nyingine za nchi. Nyumba ile yatukumbusha mfungwa. Habari za majirani zake haizisemi.

Basi habari hizo zimehifadhiwa wapi? Zimo katika masimulizi, nyimbo, na edonga, ngoma yao ya kurukaruka. Wazee husimulia kwamba hapo kale vijana wa Wajie, watu wa nchi iitwayo leo Uganda, walimfuata fahali aliyepotea mpaka bonde la Tarach, mto upitao Kakuma. Huko walimkuta mwanamke, jina lake Nayece, akichuma matunda ya mwituni. Waliipenda nchi, wakahamia, na uzao wao ukawa Waturkana.

Mipaka ya serikali haikuukata udugu huo. Tangu miaka ya 2010 Kaunti ya Turkana imekuwa ikiandaa huko Lodwar tamasha la Tobong'u Lore, maana yake “karibuni tena nyumbani”, na jamaa zao wa nchi jirani huja kucheza pamoja nao.

Hata hivyo kuna hatari. Nyumba ikitengenezwa upya bila masimulizi, huwa gofu lililopakwa rangi. Na ngoma ikichezwa kwa kumfurahisha mtazamaji tu, hubaki vumbi. Kwa hiyo, mkitunga mchezo wa historia shuleni kwenu, msimwoneshe mfungwa peke yake. Mwoneshe pia mchungaji aliyefungiwa katika nchi yake mwenyewe, na Nayece akichuma matunda yake. Waulizeni wazee wangali hai, maana kuishi kwingi ni kuona mengi, na ukuta hauwezi kuwajibu.