Uzee na Maagano katika Ligi za Kubuni

Tarehe 6 Februari 1965, Stanley Matthews alicheza mchezo wake wa mwisho wa ligi akiwa na timu ya Stoke City. Alikuwa ametimiza miaka 50 siku 5 kabla yake. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo ulichezwa mchezo wa kumuaga, na ulipokwisha alitolewa uwanjani akiwa juu ya mabega ya wenziwe, miongoni mwao Ferenc Puskás wa Hungaria na Lev Yashin wa Muungano wa Sovieti. Hivyo ndivyo aagwavyo mchezaji mwenye bahati. Ana watu wa kumtazama, ana mabega ya kumpokea, na magoti yake mwenyewe yamekwisha kumwarifu kwamba saa imefika.

Insha hii yahusu wachezaji wasiokuwa na magoti. Ni wale wa ligi za kubuni, yaani michezo ya kompyuta ambamo mtu mmoja hukabidhiwa timu ya kandanda, akanunua na kuuza wachezaji, akapanga kikosi, kisha mashine ikapiga hesabu na kumpa matokeo. Meneja huyo hapigi mpira hata mara moja. Kazi yake ni kusoma tarakimu na kuamua. Msomaji asiyepata kuuona mchezo wa namna hii ana haki ya kuuliza yawaje mtu mzima ahuzunike kwa ajili ya mchezaji ambaye ni safu ya tarakimu tu. Nami niliuliza vivyo hivyo, hata yaliponifika. Jibu nililolipata limo katika historia ya michezo yenyewe, kwa kuwa wachezaji hao hawakuanza wakiwa wenye kuzeeka. Uzee uliingizwa baadaye, hatua kwa hatua, na kila ulipoukaribia uzee wa kweli, kazi ya kuaga ilizidi kumwelemea meneja.

Mwaka 1982 Mwingereza Kevin Toms alitoa mchezo alioupa jina la Football Manager, chini ya kampuni yake ya Addictive Games. Kompyuta za nyumbani za siku zile zilikuwa na kumbukumbu finyu mno. Toleo la mashine ya ZX81 lilitakiwa kuenea katika kilobaiti 16, nafasi ambayo leo haitoshi picha moja iliyopigwa kwa simu. Basi mchezaji alipewa vitu viwili vya kumpambanua na wenzake: ustadi, uliohesabiwa kuanzia 1 hadi 5, na nguvu, zilizohesabiwa kuanzia 1 hadi 20. Nguvu zilipungua alipochezeshwa, zikamrudia alipopumzishwa. Umri hakuwa nao. Msimu ulipokwisha, mashine iliubahatisha upya ustadi wa kila mchezaji, na bahati nasibu hiyo ndiyo iliyokaa mahali pa uzee. Mshambuliaji aliyelala akiwa hodari kuliko wote aliweza kuamka dhaifu, na dhaifu akaamka hodari. Palikuwa na hasara hapo, lakini hapakuwa na maagano. Aliyeangushwa na kete leo aweza kuinuliwa na kete kesho, naye meneja hana la kumwambia.

Miaka 10 baadaye, yaani 1992, ndugu wawili Paul na Oliver Collyer walitoa Championship Manager. Toleo hilo la kwanza lilikuwa na wachezaji wenye majina ya kutungwa. Majina ya wachezaji wa kweli yalikuja katika toleo lililofuata. Hapa mchezaji alikuwa na umri, naye alistaafu. Lakini ligi ya kubuni haina mama wala baba, na isiyozaa hukauka. Kila mzee aliyeondoka alihitaji mrithi, nao watungaji wakapata njia rahisi: mstaafu aliacha tarakimu zake, na kijana mwenye jina jipya akazuka akiwa amezirithi. Wapenzi wa mchezo waliwapa vijana hao jina la Kiingereza lenye maana ya waliozaliwa upya. Meneja mwerevu alijua ya kwamba, golikipa wake mkuu akiisha kustaafu, imempasa atafute katika vilabu vya mbali kijana ambaye ndiye yuleyule kwa jina jingine. Nakiri kwamba jambo hili hunichekesha, maana kwa kutaka tu kuzuia ligi isiishiwe na watu, watungaji wa programu waliangukia imani ya roho kuhama kutoka mwili hadi mwili. Mtu hamwagi kwa uzito mwenziwe ambaye atarudi kesho kutwa akiwa na miaka 16.

Baadaye njia hiyo iliachwa, na vijana wakawa wanatungwa upya bila ya kurithi kwa mtu. Mimi nahesabu kwamba huo ndio mgeuko mkubwa, ingawa hapana aliyeupigia ngoma. Tangu siku hiyo mchezaji wa kubuni akiondoka ameondoka.

Majina ya kweli nayo yalileta taabu yake. Katika toleo la msimu wa 2001/2002 alikuwamo kijana Tonton Zola Moukoko, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Uswidi, aliyekuwa katika klabu ya Derby County. Waliotunga mchezo walimkadiria kuwa atakuja kuwa hodari sana, na katika maelfu ya ligi za majumbani alikuwa hodari kweli, akatwaa vikombe, akazeeka kwa heshima. Moukoko mwenye nyama na damu hakupata kucheza hata mchezo mmoja wa ligi katika kikosi cha kwanza cha Derby. Watu walimuaga mzee wa miaka 35 mwenye sifa tele, ilhali kijana mwenyewe alikuwa bado hajafika miaka 20. Kwa kawaida kivuli humfuata mtu. Hapa kivuli kilitangulia, kikafika, kikapumzika, na mtu akaachwa njiani.

Waliotunga mchezo huo walitengana na mchapishaji wao, na kazi yao ikaendelea tangu mwaka 2004 kwa jina lilelile la zamani la Football Manager. Katika mfululizo huo uzee umekuwa jambo la kina. Mchezaji ana tarakimu nyingi, kila moja kati ya 1 na 20, na hazipungui pamoja. Mbio hutangulia kushuka, kisha wepesi, kisha pumzi. Lakini uamuzi, na kubashiri mpira utakapoangukia, na kujua mahali pa kusimama, huweza kuendelea kupanda wakati mwili unashuka. Magolikipa hudumu kuliko washambuliaji, kama ilivyo duniani. Mwisho wake ni mzee anayeujua mchezo kuliko siku zote za maisha yake, asiyeweza tena kuufikia mpira. Aliyepanga tarakimu hizo alikuwa amewatazama wanadamu vizuri.

Tena pakaongezwa adabu. Mchezaji hutangaza kwamba msimu huu ndio wake wa mwisho. Meneja aweza kumwandalia mchezo wa heshima akiwa ameitumikia klabu muda mrefu, aweza kumpa kazi ya ukocha, na jina lake likaandikwa miongoni mwa magwiji wa klabu. Haya yote si lazima. Mashine haimwadhibu asiyeyafanya, na hapo ndipo uzito wake ulipo.

Kuna mchezo mwingine uliolichukua jambo hili kwa njia tofauti, nao ni Hattrick, ulioanzishwa Uswidi mwaka 1997 na kuchezwa katika intaneti. Katika Football Manager wakati hausogei mpaka meneja abonyeze kitufe cha kuendelea, na miaka 20 yaweza kupita katika majuma machache ya likizo. Katika Hattrick saa ni moja kwa watu wote, nayo haimngoji mtu. Msimu ni majuma 16, yaani siku 112, na siku hizo 112 ndizo mwaka mmoja wa mchezaji. Kijana wa miaka 17 hufika miaka 30 baada ya siku 1,456, ambazo kwa kalenda yetu ni karibu miaka 4 kamili. Katika miaka 4 mwanafunzi humaliza chuo, mtu huoa, huzika mzazi. Mchezaji yule amekuwapo muda wote huo, akifunguliwa usiku baada ya kazi. Wala mashine ya Hattrick haimstaafishi mchezaji kwa umri. Ustadi wake hupungua, naye hubaki mpaka meneja mwenyewe amwachishe. Ndiyo sababu utakuta humo timu zenye wazee wa miaka 50 na zaidi, wasioweza kumzuia mtu, wanaolipwa mshahara kwa sababu mwenye timu hana moyo wa kubonyeza. Wengine huwacheka mameneja hao. Mimi siwacheki.

Nilikuwa na beki mmoja katika Football Manager, mtoto wa mashine, asiye na mfano duniani. Alikuja kwangu ana miaka 16, akawa nahodha kwa misimu 11. Alipofika miaka 33 mbio zake zilikuwa zimeshuka kutoka 15 hadi 8, lakini tarakimu ya kujua mahali pa kusimama ilikuwa 18. Klabu ya daraja la chini ilileta bei ndogo. Mshahara wake ulikuwa mkubwa, nami nilikuwa na kijana wa kumrithi, basi nikauza, wala sikukaa kufikiri muda wa kunywa kikombe cha chai. Misimu 2 baadaye nilikuwa nikipitisha habari za siku kwa haraka, nikaona mstari mmoja kwamba amestaafu. Alikuwa amestaafu kule, katika klabu ambayo hata rangi ya jezi yake siijui. Mchezo wa heshima ningaliweza kumwandalia, kitufe chake nilikuwa nakifahamu. Kazi ya ukocha pia ilikuwapo.

Nilitafuta katika kumbukumbu ya kompyuta, nikakuta faili la zamani nililolihifadhi kabla ya mauzo yale. Ningali nalo. Humo ni mwezi wa Aprili, imebaki michezo 4, naye ndiye nahodha, ana miaka 33. Barua ya ile klabu ya daraja la chini ipo juu ya orodha, inangoja jibu. Nimeifungua mara tatu mwaka huu, nikatazama kikosi, nikafunga bila ya kubonyeza.