Mtoto wa Nyasi na Kete za Komwe

Kabla ya wanasesere wa plastiki kujaa madukani, wasichana wa Kinondoni na Temeke waliwatengeneza wenyewe. Waling'oa nyasi na mizizi yake, wakaosha udongo, wakaisuka ile mizizi kama nywele, kisha wakamfunga mtoto wao kipande cha kanga. Wengine walitumia gunzi la hindi. Wavulana waliunda magari ya mabua, na ukuti wa mnazi ukawa saa ya mkononi au miwani.

Kwa mchezo wa bao walichimba mashimo 32 ardhini wakatafuta komwe 64. Komwe ni mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, mmea wa miiba unaotambaa kwenye vichaka vya pwani. Mbegu hizi huelea baharini, kwa hiyo mkomwe umeota Bara na Visiwani, na watoto wa pande zote mbili wamechezea kete zilezile.

Kwa Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam, kitoto cha kutengenezwa kilikuwa pia na kazi nzito. Mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, kitoto cha mti, amwoshe na kumpaka mafuta kama mwanawe. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliishi Bunju miaka ya 1960 na akaandika mila za Wazaramo katika kitabu chake cha 1970.

Kwetu Waislamu pia, imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alichezea wanasesere na wenzake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye hakuwakataza.

Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 272,000 katika jiji la Dar es Salaam. Ya 2022 ilikuta 5,383,728 mkoani. Vichaka vikawa viwanja, viwanja vikawa nyumba, na watoto wakabaki na vitu vya kununua.

Mimi ni fundi cherehani. Msichana aliyemvisha mtoto wa nyasi alikuwa ameshajifunza kupima kiuno, kukunja pindo na kufunga fundo lisilofunguka. Leo napokea wanagenzi wa miaka 18 ambao hawajawahi kushika sindano.

Nyasi bado zipo kando ya njia, dada zangu. Likizo hii mpe binti yako kitambaa, uzi na sindano, ukae naye.