Uhakiki wa Vipimo vya Maji

Kilwa ni kisiwa cha Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge, Zambia. Kilwa ni mji pia, katika pwani ya Tanzania. Kilwa ya pwani, siku za bamvua, maji hupanda zaidi ya mita 3 kwa saa 6 hivi. Kilwa ya ziwani, maji hupanda kwa miezi, Mto Luapula ukileta mvua za mbali. Kifaa cha kupima usawa wa maji kikiandika ongezeko la nusu mita kwa saa moja, pwani ni maji kujaa. Ziwani, kifaa hicho ni cha kushukiwa. Namba moja, hukumu mbili.

Kazi ya kutoa hukumu hiyo huitwa udhibiti wa ubora. Neno hilo lina harufu ya kiwanda, ambako bidhaa mbovu hutupwa. Wengine husema kusafisha data, kana kwamba kila kisichotarajiwa ni uchafu. Mimi nachagua uhakiki. Mhakiki wa riwaya huonyesha palipolegea, lakini hagusi maneno ya mwandishi. Vivyo hivyo, kipimo chenye shaka hutiwa alama, na namba ya asili huhifadhiwa.

Mstari wa vipimo ukinyooka kwa saa nyingi, huenda boya la kifaa limekwama. Kisha, kwa bahari, mhakiki hutoa kwenye vipimo kiwango kilichotabiriwa kutokana na mwezi na jua. Mabaki yakifuata mdundo wa kujaa na kupwa, aikague saa ya kifaa. Yakiruka na kubaki juu, huenda sifuri ya kifaa imehama. Hapo hupimwa upya dhidi ya alama ya kudumu iliyo nchi kavu. Kosa hili la sifuri ndilo zito zaidi. Bahari duniani inapanda milimita chache tu kwa mwaka, hivyo kifaa kilichodidimia sentimita 5 bila kugunduliwa huzua ongezeko la miaka zaidi ya 10.

Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami iliyotoka Sumatra iliandikwa na vifaa vya Lamu na Unguja. Programu inayofuta kila mruko ingeweza kuifuta. Mhakiki angelinganisha bandari hizo mbili na kuona zinashuhudia jambo moja.

Ndani ya uhakiki mna hakika, nayo haipatikani kwa kufuta. Basi msomaji wa kipimo, cha ziwa au cha bahari, aandike alichokiona, na shaka yake aiandike kando.