Mlingoti na tanga la mbele katika Hobie 16

Hobie 16 ni katamarani ndogo ya matanga mawili inayoendeshwa na mabaharia wawili. Ufungaji wa mlingoti wake na ufungaji wa tanga la mbele ni kazi moja yenye hatua mbili, kwa kuwa chombo kikiwa safarini, tanga la mbele lililokazwa ndilo linaloushika mlingoti kutoka upande wa omo, yaani mbele. Mlingoti ukichezacheza, sababu hutafutwa kwanza kwenye jarari, yaani kamba ya kupandishia tanga hilo.

Muundo

Chombo hiki kilibuniwa California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na Hobie Alter, mtengenezaji wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi, akishirikiana na Phil Edwards. Kina urefu wa mita 5.05 na upana wa mita 2.41. Mabodi yake mawili ya faiba yameunganishwa kwa fremu ya alumini yenye trampolini katikati. Hakina ubao wa kuteremshwa majini ili kisisukumwe upande. Kazi hiyo hufanywa na mabodi yenyewe, ambayo ubavu wa nje umenyooka na wa ndani umetuna.

Mlingoti una urefu wa takriban mita 8 na husimama katikati ya mhimili wa mbele. Haukupigiliwa hapo: huzunguka juu ya kikalio chake kulifuata tanga kubwa kila chombo kinapogeuza. Hushikiliwa na nyaya tatu za chuma kisichoshika kutu. Mbili hushuka ubavuni, mmoja kwa kila bodi. Wa tatu hushuka mbele na kuungana na waya wa panda, ambao matawi yake mawili yamefungwa karibu na ncha za mabodi.

Kusimamisha

Chombo huwekwa mahali tambarare, mlingoti ukalazwa juu yake huku kilele kikielekea tezi, yaani nyuma. Nyaya za ubavuni hufungwa kwanza, na kila mmoja hukaguliwa usiwe umejisokota. Kitako cha mlingoti hufungwa kwenye kikalio kwa pini ili kisichomoke wakati wa kuinua. Mtu mmoja husimama kwenye trampolini na kuuinua, mwenzake huvuta kutoka mbele. Ukishasimama, anayeusukuma haachii mpaka waya wa mbele uwe umefungwa kwenye panda, pini imepita na kipete chake kimeingia.

Kukaza

Ukingo wa mbele wa tanga la mbele una waya ndani yake, na zipu ya kulivika tanga juu ya waya wa mbele wa mlingoti. Pembe ya chini hufungwa kwenye panda. Kichwa hupandishwa kwa jarari inayopita kwenye kapi kadhaa ili nguvu ya mkono iongezeke. Jarari inapokazwa, mlingoti huvutwa kuelekea omo, nyaya za ubavuni hukaza, na waya wa mbele hulegea. Kulegea huko si kasoro: mzigo umehamia kwenye waya ulio ndani ya tanga. Waya wa mbele hubaki kuwa akiba, na huupokea tena mlingoti jarari inapofunguliwa ufukweni. Kwenye jahazi pia, jarari ya foromali (mti unaobeba tanga) huvutwa nyuma na kufungwa ili isaidie kuushika mlingoti.

Ukingo uliolegea hupinda kuelekea demani (upande upepo unakokwenda), tanga hufanya tumbo, na chombo hushindwa kuukaribia upepo. Tena tanga hilo husaidia kubisha, kwani katamarani hugeuka kwa uzito: baharia huliacha lijazwe upepo kutoka upande wa pili kwa muda mfupi ili lisukume omo.

Kukaza kupita kiasi nako kuna madhara. Kitako cha mlingoti hugandamizwa mno na mlingoti hauzunguki kwa urahisi. Waya wa ubavuni ulio upande wa demani hulegea kidogo chombo kikienda, na hilo ni la kawaida. Ukining'inia ovyo, jarari huongezwa.

Mlalo wa mlingoti

Nyaya za ubavuni huishia kwenye vibati vyenye matundu. Pini ikihamishiwa tundu linalofupisha waya, mlingoti hulalia tezi zaidi. Mlalo huo huzipunguzia mzigo ncha za mabodi, ambazo ni nyembamba na hupenda kuzama chombo kikienda mbio, hata kikapinduka kwa mbele. Gharama yake ni usukani kuwa mzito, chombo kikitaka kujigeuzia joshi, upande upepo unakotoka. Ukilalia tezi mno, kapi za kamba ya kuvutia tanga kubwa hugusana kabla tanga halijakazwa vya kutosha.

Usalama na matunzo

Mlingoti wa alumini ukigusa nyaya za umeme huweza kuua. Kwa ajili hiyo, katika miaka ya 1980 sehemu ya juu ya mlingoti ilianza kutengenezwa kwa faiba isiyopitisha umeme. Hata hivyo sehemu ya chini bado ni alumini, na njia ya kuelekea majini hutazamwa juu kwanza. Nyaya hukaguliwa hasa zinapoingia kwenye vishikizo vyake, ambako nyuzi huanza kukatika. Uzi mmoja ukikatika, waya hubadilishwa. Baada ya safari, jarari hulegezwa, na nyaya na kapi huoshwa kwa maji baridi kuondoa chumvi.